Salfa na Kifua cha Mnyonge

Katika semina zetu za itikadi, kada akiulizwa kwa nini maskini ndiye anayeumizwa zaidi na uchafuzi wa mazingira, hujibu upesi kwamba hana elimu. Jibu hilo hupendwa kwa sababu humwachia mnyonge lawama yote. Hebu tulipime kwa mikorosho ya mwambao wa Kilwa na Lindi.

Ugonjwa wa ubwiriunga ulienea katika mikorosho yetu mwishoni mwa miaka ya 1970. Zao la taifa lililofikia tani 145,000 msimu wa 1973/74 lilishuka chini ya tani 20,000 ilipofika 1986/87. Ugonjwa haukuwa sababu pekee: bei ya mkulima ilikuwa duni, na Operesheni Vijiji iliwahamisha wengi mbali na mikorosho yao. Hilo tulilifanya sisi wenyewe, na kada asilifiche. Dawa iliyoliokoa zao ni unga wa salfa. Una bei nafuu, na hauhitaji maji. Mahali ambapo ndoo ya maji hubebwa kichwani kutoka mbali, dawa ya kuchanganya na maji ni mzigo mwingine. Basi ukosefu wa maji, ambao ni umaskini wa kijiji kizima, ndio ulioamua kwamba dawa ije kama vumbi.

Sasa, nani analivuta vumbi hilo? Kuanzia Juni, mikorosho inapotoa maua, kazi huanza alfajiri kabla ya upepo, umande ungali majanini ili unga ushike. Mwenye shamba kubwa ana mashine, lakini si lazima aibebe mgongoni. Mwenye miti michache humngoja mwenye mashine, na humlipa. Anayeibeba ni kibarua, pengine kijana asiye na mkorosho hata mmoja, amejifunga kitambaa puani. Unga huwasha macho na ngozi, hukereketa koo na kifua. Anajua kwamba unamdhuru, muulizeni. Elimu gani anayoikosa hapo? Akikataa, kesho mashine itabebwa na mwingine. Huo, ndugu makada, ni uhusiano wa uzalishaji.

Salfa haiishii hewani. Inayoanguka chini hugeuka asidi taratibu, na udongo wa kichanga hauna nguvu ya kuihimili. Kati ya mikorosho hiyohiyo hupandwa mihogo na kunde. Korosho ghafi huenda India na Vietnam. Asidi hubaki katika shamba la chakula.

Kusema salfa ipigwe marufuku ni rahisi kwa asiyeishi kwa korosho. Watafiti wa Naliendele wamezalisha aina za mikorosho zinazostahimili ugonjwa, lakini mwenye miti kumi hawezi kuing'oa akangoja miaka michache wanawe wakila nini?

Katika misimu ya karibuni serikali imegawa salfa bure. Ni hatua kubwa, nayo humpunguzia gharama mwenye mikorosho. Kibarua asiye na shamba hayumo katika daftari la wakulima. Kada wa tawi ana kazi hapo. Chama cha msingi hukata fedha katika kila kilo inayouzwa. Mkutano mkuu wake unaweza kuamua kwamba sehemu ya makato hayo inunue mashine za chama, miwani, glavu na barakoa, na kwamba majina ya wanaopuliza yaandikwe. Hoja hiyo itapingwa na wenye mashine za kukodisha, nao mara nyingi ndio wanaokaa viti vya mbele.