Wageni wa Unguja Katika New York ya Mwaka 1840

Kati ya safari za mwanzo za watu wa pwani ya Afrika Mashariki kwenda katika mji mkubwa wa Marekani, inayojulikana zaidi ni ile ya Sultana, merikebu ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, iliyoingia bandari ya New York tarehe 30 Aprili 1840. Chombo hicho kiliundwa Bombay mwaka 1833, kilikuwa na uzito wa tani 300 hivi na mizinga 14, na kiliondoka Unguja mwezi Februari chini ya usimamizi wa Ahmad bin Na'aman al-Kaabi, katibu wa Seyyid Said, ambaye ni mmoja wa wajumbe wa mwanzo kutoka nchi za Kiarabu kufika Marekani. Uendeshaji wa merikebu baharini ulikuwa mikononi mwa Mwingereza mmoja, William Sleeman, ambaye sifa iliyomfuata katika maandishi ya wanahistoria ni ya ulevi kuliko ya ubaharia.

Safari hiyo haikuwa ya matembezi. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini na Seyyid Said huko Maskati mkataba wa urafiki na biashara, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akaanza kazi Unguja akiwa konsuli, yaani mwakilishi wa serikali yake anayeangalia biashara na raia wa nchi yake ugenini. Wamarekani walikuwa wakija Unguja kila mwaka na kuondoka na faida. Seyyid Said, ambaye alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote, aliona hakuna sababu ya faida hiyo kwenda upande mmoja tu. Ndiyo maana Sultana ilipakiwa pembe za ndovu, karafuu, tende, kahawa, ngozi za ng'ombe, mazulia na masanduku ya sandarusi.

Hiyo sandarusi inastahili maelezo, kwa sababu inawahusu watu wa Kibaha na Kisarawe kuliko wengi wao wanavyodhani. Sandarusi ni utomvu wa mti uitwao msandarusi, nao hupatikana kwa namna mbili: ule mbichi unaookotwa mtini, ambao wafanyabiashara waliuita chakazi na kuununua kwa bei ya chini, na ule uliofukiwa ardhini kwa muda mrefu mno, hata mti wenyewe ukafa na kuoza na utomvu wake ukawa mgumu kama jiwe. Kipande cha sandarusi ya kuchimba kinapotolewa udongoni huwa kimevaa utando mchafu, na utando huo ukiondolewa, uso wake huonekana umetoka vipele vidogo vidogo mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na ndani yake mna rangi ya asali inayopenya mwanga. Mtu anayesimama leo Kwa Mathias, kando ya Barabara ya Morogoro mjini Kibaha, akaelekeza uso wake kusini kwenye vilima na misitu ya Kisarawe, anaitazama nchi ya Uzaramo, iliyokuwa mojawapo ya machimbo makubwa ya sandarusi katika Mrima, jina la zamani la pwani inayoelekeana na Unguja. Wachimbaji walitumia jembe na mikono, katika vishimo vifupi ambavyo waliviacha mara tu udongo ulipokataa kutoa.

Kutoka Mrima mzigo ulivushwa kwa majahazi hadi Unguja, na kutoka Unguja sehemu kubwa ilikwenda Salem, ambako Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kuiosha kwa maji ya magadi ili kuondoa ule utando, kisha ikayeyushwa na kuwa vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi. Kwa hiyo jasho la Uzaramo lilikwishafika Marekani miaka mingi kabla ya Ahmad bin Na'aman kukanyaga gati la New York.

Mji alioukuta haufanani na ule unaojulikana leo kwa majengo marefu. Hesabu ya watu ya mwaka huohuo wa 1840 iliipa New York wakazi 312,710, wengi wakiwa wamesongamana kusini mwa kisiwa cha Manhattan, na vitu virefu kuliko vyote vilikuwa minara ya makanisa na milingoti ya meli zilizopangana bandarini. Sehemu ya mtaa wa biashara, Wall Street na jirani zake, ilikuwa bado inajengwa upya baada ya moto mkubwa wa Desemba 1835. Barabara ya Broadway ilikuwa na taa za gesi na mabasi ya kukokotwa na farasi, lakini nguruwe nao walizurura mitaani wakila takataka, jambo ambalo mwandishi Mwingereza Charles Dickens alilikuta na kulisimulia alipofika miaka miwili baadaye, na ambalo kwa mabaharia Waislamu lisingeweza kupita bila kutajwa. Maji ya visima yalikuwa mabaya. Mfereji wa kuleta maji safi kutoka mto Croton ulikuwa unachimbwa, nao ulikamilika mwaka 1842. Mgeni aliyezoea kuisikia Ulaya na Marekani zikitajwa kuwa nchi nadhifu angeweza kurudi Unguja akiwa na maneno mawili matatu ya kusema.

Baraza la Jiji liliwapokea wageni kwa heshima na kuwatembeza, na jambo lililochaguliwa kuonyeshwa lilikuwa reli ya Harlem. Reli hiyo ilianza kazi mwaka 1832, na utaratibu wake ulikuwa wa ajabu kidogo: katika mitaa yenye watu wengi mabehewa yalivutwa na farasi, kwa kuwa wakazi waliogopa cheche za moto na kulipuka kwa mitambo, na baada ya kutoka mjini ndipo injini ya mvuke ilipofungwa mbele na safari kushika kasi. Kwa watu wa Unguja chombo kama hicho kilikuwa kipya kabisa. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, miaka 53 baadaye. Sultana yenyewe, ambayo ilifika imechakaa matanga na kamba, ilipelekwa katika karakana ya manowari ya Brooklyn, ng'ambo ya mto, ikatengenezwa kwa gharama ya serikali ya Marekani.

Hata hivyo, ukweli wa ziara hiyo ni kwamba New York iliwatazama wageni kuliko wageni walivyoitazama New York. Watu walimiminika gatini kuiona merikebu, na magazeti yakaandika kuhusu vilemba, majoho na rangi za nyuso za mabaharia kama watu wanaoeleza maonyesho. Jimbo la New York lilikuwa limefuta utumwa mwaka 1827, lakini pamba iliyosokotwa katika viwanda vya Massachusetts ilipandwa na watumwa wa majimbo ya kusini, kama vile karafuu za Sultana zilivyotoka katika mashamba yaliyolimwa na watumwa wa Unguja. Habari ya namna hiyo haikuwavutia sana watazamaji wa vilemba.

Zawadi za Seyyid Said kwa Rais Martin Van Buren zilizusha kizaazaa. Zilikuwamo farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali za Kashmiri, manukato ya waridi na upanga uliopambwa kwa dhahabu. Lakini Katiba ya Marekani inamkataza mtumishi wa serikali kupokea zawadi ya mfalme wa nchi nyingine bila idhini ya Bunge. Kwa adabu za pwani, kuirudisha zawadi ni kumtusi aliyeitoa, na kwa sheria ya Marekani, kuipokea kimya kimya ni kosa. Bunge lilijadili, likaamua zipokelewe kwa niaba ya taifa. Farasi wakauzwa kwa mnada, na vitu vingine vikawekwa katika hifadhi ya serikali mjini Washington.

Ahmad bin Na'aman hakuacha kitabu cha safari kama alivyofanya Salim bin Abakari, ambaye habari zake za Urusi na Siberia zilichapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Maoni yake juu ya mji yanasomeka katika shehena aliyorudi nayo: marobota ya kitambaa kigumu cha pamba ambacho watu wa pwani walikiita merikani kwa jina la nchi kilikotoka, pamoja na shanga, bunduki, baruti na sahani. Katibu huyo alinunua alichojua kwamba kitauzika Unguja na Mrima, yakiwemo masoko ambayo Wazaramo walibadilishana sandarusi yao kwa nguo, na mambo ya kustaajabisha akawaachia wenyewe wa New York.

Sultana iling'oa nanga mwezi Agosti 1840 na kufika Unguja mwezi Desemba. Kabla ya kuondoka, mchoraji Edward Mooney alimchora Ahmad bin Na'aman akiwa na kilemba chake na ndevu zake nyeusi, ametulia, akimkabili mtazamaji kwa macho ya mtu asiye na haraka. Picha hiyo imo katika jumba la makumbusho la Peabody Essex huko Salem, mji uleule ulikokuwa ukioshwa utando wa sandarusi ya Uzaramo.