Taa Nyeupe au Taa ya Manjano: Ipi kwa Chumba Kipi?

Tangu mpango wa Serikali wa kupeleka stima mashambani, uitwao Last Mile, uanze mwaka 2015, nyumba nyingi za wakulima wa Kenya zimeaga koroboi na taa ya chemni. Nyingine hupata mwanga kutoka kwa mitambo ya jua iliyowekwa juu ya mabati. Hili ni jambo la kushukuru, kwa maana moshi wa mafuta ya taa uliumiza vifua na macho, na ndimi zake za moto ziliteketeza nyumba. Lakini ukipita kijijini usiku utaona jambo moja. Kila dirisha lina mwanga mweupe mkali unaoelekea buluu, ukiwa sebuleni, jikoni au chumbani kwa watoto. Mwenye nyumba alikwenda dukani akaomba balbu inayowaka sana, akapewa hiyo. Hakuulizwa ni ya chumba gani.

Swali hilo lafaa kuulizwa, kwa sababu balbu za LED hazina mwanga wa rangi moja, na rangi hiyo huamua kama mtu ataona kazi yake vizuri au atalala vizuri.

Tazama boksi kabla ya kulipa. Wati ni kiasi cha stima inayoliwa. Lumeni ni wingi wa mwanga. Namba yenye herufi K mwishoni ndiyo habari ya rangi, na herufi hiyo ni ya Lord Kelvin, mtaalamu wa Uingereza aliyekufa mwaka 1907. Balbu ya 2700K au 3000K hutoa mwanga wa manjano kama ule wa balbu za zamani za waya, na kwa kawaida boksi huandikwa "Warm White". Ya 4000K ni nyeupe ya katikati. Ya 6500K ni nyeupe yenye buluu, na mara nyingi huandikwa "Daylight". Maneno ya boksi hubadilika kwa kila kiwanda, kwa hiyo ni heri kuifuata namba.

Hapa watu wengi hukanganyikiwa, kwa maana balbu yenye namba ndogo huitwa ya joto, na yenye namba kubwa huitwa baridi. Mkumbuke mhunzi. Chuma kikianza kushika moto huwa chekundu. Akizidi kuvukuta huwa cha manjano, kisha cheupe. Kwa hiyo cheupe ndicho chenye moto mwingi, na namba yake ni kubwa. Lakini macho yetu yamezoea moto wa kuni, nayo huona manjano kuwa ndiyo joto. Basi majina yamefuata macho, na namba zimemfuata mhunzi.

Tena mfugaji asidanganyike na neno hilo "joto". Zamani watu walitundika balbu ya waya ya wati 60 juu ya vifaranga, nao wakaota, kwa sababu karibu stima yote ya balbu ile iligeuka joto. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga kiasi kile kile, yapata lumeni 800, lakini joto lake ni kidogo mno. Anayeitegemea hiyo katika usiku wa baridi kule Limuru au Kinangop atawakuta vifaranga asubuhi wamelundikana pembeni, na wa chini wamekufa. Vifaranga wanataka taa maalumu ya kutoa joto, au jiko la makaa katika banda lenye njia ya hewa. Manjano ya LED ni rangi tu.

Chumba cha kulala

Hapa ndipo balbu nyeupe inapofanya hasara kubwa, na hasara yenyewe haionekani. Ndani ya jicho mna chembe fulani ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha vitu, bali kuuambia mwili kama ni mchana au usiku. Mwaka 2002 wataalamu walithibitisha kwamba chembe hizo huhisi mwanga zenyewe, nazo huamshwa zaidi na mwanga wa buluu. Zikiupata mwanga huo saa tatu usiku, mwili hudhani jua bado liko juu, na huchelewa kutoa melatonini, ile homoni inayoutayarisha kwa usingizi. Sasa, balbu nyeupe ya LED imetengenezwa kwa taa ndogo ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga wake kuwa manjano. (Wajapani watatu waliozaa taa hiyo ya buluu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.) Balbu ya 6500K huacha buluu nyingi ipite. Ya 2700K huacha kidogo.

Mkulima anayeamka saa kumi alfajiri kukamua hana usingizi wa kupoteza, wala mtoto anayetembea kilomita tatu kwenda shule. Weka balbu ya 2700K chumbani, tena ndogo, ya wati 3 hadi 5, kwa sababu hata mwanga wa manjano ukiwa mkali sana huchelewesha usingizi. Mama anayenyonyesha usiku ndiye atakayeona tofauti upesi: ataweza kumbadilisha mtoto nguo bila kumwamsha kabisa, na bila yeye mwenyewe kubaki macho mpaka jogoo awike. Mtu akiisha kubadilisha balbu kisha akalala akitazama simu mbele ya uso, kazi yote imekuwa bure.

Sebule na meza ya kusomea

Nyumba nyingi za shamba hazina chumba cha kusomea. Meza ya sebuleni ndiyo ya chakula, ndiyo ya wageni, na baadaye ndiyo ya daftari. Wengi hutatua shida hii kwa balbu moja nyeupe katikati ya chumba, na matokeo yake ni kwamba wageni huketi kama wako hospitali, na mtoto bado anasoma kivulini mwa kichwa chake mwenyewe.

Ni afadhali kuwa na taa mbili zenye swichi mbili. Ile ya juu iwe ya 2700K au 3000K, kwa mazungumzo na chakula. Ya pili iwe ya 4000K, ishuke karibu na meza, iwekwe upande wa kushoto wa mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya maandishi. Kwa kusoma, wingi wa mwanga juu ya karatasi ni jambo kubwa kuliko rangi yake. Masomo yakiisha, taa ya meza izimwe, na nyumba ikae katika mwanga wa manjano yapata saa nzima kabla ya kulala.

Wazee wasisahauliwe. Mtu wa miaka 60 huhitaji mwanga mara mbili au zaidi kuliko kijana wa miaka 20 ili aone vizuri. Nyanya anayechagua maharagwe, au anayetenganisha vidonge vyake vya asubuhi na vya jioni, apewe taa ya 4000K yenye nguvu karibu naye.

Jikoni yafaa 4000K. Hapa tazama pia namba ya CRI au Ra, ambayo huonyesha kama balbu inaonyesha rangi za vitu kwa ukweli. Isiwe chini ya 80. Chini ya balbu mbaya nyama nzuri huonekana kama imelala, na iliyoharibika huweza kupita. Ikiwa kuta za jiko zimeshika masizi, usikimbilie kununua wati zaidi, kwa maana ukuta mweusi humeza mwanga wa balbu yoyote. Paka chokaa kwanza.

Katika banda la kukamulia, taa nyeupe ndiyo mahali pake. Ile michirizi ya kwanza ya maziwa katika kikombe cheusi cha kupimia yataka mwanga wa 4000K au zaidi, uone mabonge au damu mapema, kabla ugonjwa wa kiwele haujaenea. Na ikiwa mwanga huo utamfukuzia mkamuaji usingizi saa kumi alfajiri, hiyo ni faida. Lakini nje ya mlango wa nyumba weka ya manjano. Wadudu wa usiku hufuata zaidi mwanga mweupe wenye buluu, na wakati wa mvua kumbikumbi watakuja kwa wingi mpaka ndani ya sufuria.

Duka nyingi huuza rangi zote kwa bei ile ile, na tofauti ya token utakazotumia ni ndogo mno, kwa hiyo hakuna hasara ya kuchagua. Muulize mwenye duka aiwashe balbu mbele yako. Ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari mizito ikipita katika picha, balbu hiyo hupepesa, na si nzuri kwa kusomea. Hakikisha pia kichwa chake chalingana na kishikio cha nyumbani, kama ni cha pini au cha kuzungusha.

Wala usitupe balbu ulizo nazo. Zima swichi, ngoja zipoe, kisha hamisha zile nyeupe za vyumba vya kulala uzipeleke jikoni na bandani, na fedha ulizoweka za balbu mpya zinunue mbili tatu za manjano.