Adabu ya Dereva: Hasira Haifupishi Safari

Kila aendeshaye motakaa katika barabara kuu za Kenya amepata kuudhiwa na dereva mwenzake. Mmoja huingia mbele ya wengine bila kuonyesha ishara. Mwingine huacha taa kali ziwake usiku, hata anayekutana naye asione njia. Mwingine huenda polepole, na nyuma yake msururu mrefu ukajipanga. Maudhi haya ni ya kweli. Lakini yafaa ifahamike kwamba kosa la kwanza huenda likapita bila madhara, na jibu la hasira ndilo likaleta msiba.

Watu wawili wakipigana kikumbo sokoni, mmoja husema, "Samahani," na mambo yakaisha. Barabarani haiwi hivyo. Dereva amefungiwa ndani ya chuma na kioo, wala hana ulimi ila honi na taa. Honi ile ile yaweza kuwa onyo, salamu au tusi, na anayeisikia huichukua apendavyo. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba mwenzake amekusudia kumdharau, kumbe hakumwona, au ni mgeni wa njia, au amebeba mgonjwa.

Lori ndilo hulaumiwa zaidi. Sheria ya Kenya hailiruhusu lipite mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na katika kupanda mlima uzito wa shehena hulirudisha chini zaidi. Katika kuteremka, dereva wake hana budi kutumia gia ndogo, kwa maana breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Basi lori linaloshuka polepole haliringi. Linalinda maisha ya walio mbele yake.

Mteremko wa Salgaa, kati ya Nakuru na Mau Summit, umejulikana kwa majonzi. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso huko Migaa, karibu na Salgaa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Baada ya msiba huo vizuizi vilijengwa katikati ya barabara upande wa Salgaa. Lakini vizuizi haviwezi kujengwa kila mahali. Penginepo, kinachomtenga dereva na yule anayemjia ni busara yake tu.

Yafaa kupima faida ya haraka kwa hesabu. Dereva akilifuata lori linalokwenda kilomita 40 kwa saa kwa muda wa kilomita 5, badala ya kwenda kilomita 80, atakuwa amechelewa kwa dakika zisizozidi 4. Hiyo ndiyo bei ya uvumilivu.

Sasa na ipimwe bei ya kukosa uvumilivu. Lori linakwenda kilomita 60 kwa saa, na motakaa inayotaka kulipita inakwenda 80. Tangu kutoka nyuma yake mpaka kurudi mbele yake salama huhitajiwa sekunde kama 11, na katika muda huo motakaa husafiri karibu meta 240. Likiwapo gari jingine linalokuja kwa mwendo wa kilomita 80, nalo litakuwa limesafiri meta 240. Kwa hiyo barabara iliyo wazi yapasa kuwa karibu nusu kilomita. Mwenye hasira hapimi umbali huo. Huyatazama matairi ya lori yaliyomchosha, akatoka.

Dereva mwenye adabu hutenda hivi. Huacha nafasi ya sekunde 2 baina yake na aliye mbele, na zaidi wakati wa mvua. Kwa mwendo wa kilomita 80 nafasi hiyo ni meta 44 hivi. Mwingine akijiingiza katika nafasi hiyo, huiacha tena, bila kupiga honi. Akisongwa nyuma na mwenye haraka, humpisha mahali palipo salama. Na akiwa anapitwa, haongezi mwendo. Usiku hupunguza taa zake, hata kama mwenzake hakupunguza, kwa kuwa madereva wawili wasioona ni hatari kuliko mmoja. Akipishwa, huinua mkono kushukuru. Naye akiona moyo wake unachemka, husimama nje ya barabara, akanywa maji na kutulia.

Wapo wanaodhani kwamba kumpisha mkosaji ni kushindwa. Sivyo. Mkosaji ataonywa na polisi na kuhukumiwa na mahakama. Dereva mwenziwe hakupewa kazi hiyo, na motakaa si fimbo ya kumrudi mtu. Wazee walisema, "Hasira, hasara." Barabarani hasara hiyo haimpati mwenye hasira peke yake, bali na abiria walioketi nyuma yake, ambao hawakugombana na mtu yeyote.