Lori la Volti Sita: Tulitunze au Tulibadilishe?



Kikundi kikipata lori kuukuu kwa bei nafuu, mara nyingi chesisi na injini bado ni chuma kizuri. Shida huwa ni umeme. Kabeji na viazi vimeshapakiwa, soko linangoja, dereva anapiga stata, injini inajikokota mara mbili halafu kimya. Vijana wanaitwa kusukuma. Na jioni mkirudi, taa za mbele ni kama mshumaa. Wengi husema, "Lori limezeeka, tuliuze." Ngojeni kwanza. Huenda lori halina makosa, ila ni la volti sita na linatunzwa kama la volti 12.

Volti sita ni nini?

Malori mengi ya Kimarekani ya zamani yalitengenezwa hivyo. Ford ilihamia volti 12 katika malori yake ya 1956, na Chevrolet mwaka mmoja kabla. Mkitaka kujua la kwenu, hesabuni vifuniko vya kutilia maji juu ya betri ya zamani. Vitatu ni volti sita, sita ni volti 12.

Sasa tuelewe jambo moja. Umeme ni kama maji kwenye paipu. Volti ni nguvu inayosukuma, ampea ni wingi wa maji yanayopita. Nguvu ya kusukuma ikiwa ndogo, lazima maji mengi yapite ndipo kazi ile ile ifanyike. Taa mbili za wati 45 kila moja zinataka ampea 15 kwa volti sita, lakini ampea saba na nusu tu kwa volti 12. Kwa hiyo waya mwembamba au tamino yenye kutu huumiza lori la volti sita zaidi. Waya ukipoteza nusu volti kati ya sita, mmepoteza kama asilimia 8. Waya huo huo, kwa taa za wati zile zile za volti 12, ungepoteza kama asilimia 2 tu. Ni mara nne!

Kwanza fanyeni haya

Kabla ya kutoa pesa ya kikundi, fanyeni kazi hizi. Nyingi zinataka spana, msasa na jasho tu.

1. Waya za betri. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Waya wa betri wa gari dogo la siku hizi ni mwembamba mno kwa lori la volti sita. Tafuteni waya mnene, wa shaba tupu, mnene kama kidole gumba ukiwa na mpira wake.

2. Athi. Umeme ukienda lazima urudi. Fungueni pale waya wa athi unaposhika chesisi, kwarueni rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kazeni, kisha pakeni grisi juu. Ongezeni waya mwingine mnene kutoka injini hadi chesisi, kwa sababu injini imekaa juu ya mipira na mpira haupitishi umeme. Taa nazo zipewe athi yake.

3. Kupima. Mwenye mita aweke ncha moja kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye bolti ya stata, huku mwenzake akipiga stata. Mita ikionyesha nusu volti au zaidi, umeme unaliwa njiani. Pimeni hivyo hivyo upande wa athi, kutoka nguzo ile nyingine hadi kwenye mwili wa stata.

4. Betri. Ikiwa imejaa na kupumzika, huonyesha kama volti 6.3. Injini ikizunguka vizuri, dainamo ipandishe hadi volti 7 na kidogo. Isipopanda, angalieni mkanda, brashi za dainamo na katauti. Ongezeni maji ya betri peke yake. Maji ya mto au ya kisima yana chumvi inayoharibu betri.

Angalizo: Ford za volti sita ziliunganishwa chanya kwa athi, lakini Chevrolet hasi kwa athi. Msifuate mazoea, fuateni lori lenyewe. Na dainamo ikishafunguliwa, mara nyingi hurudishiwa sumaku yake kwa kuguswa na umeme wa betri kwa nukta moja tu. Njia ya Ford si njia ya Chevrolet, kwa hiyo hii mwachieni fundi anayejua.

Mkitaka kwenda volti 12

Betri na balbu za volti sita ni shida kupata katika maduka mengi. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kubadilisha. Lakini si kubadilisha betri tu, jamani! Haya yote yaende pamoja:

- betri ya volti 12 na alternata yake (katauti ya zamani inaondolewa);
- koili ya volti 12, au resista mbele ya koili ya zamani, la sivyo pointi zitaungua;
- balbu zote, hata zile ndogo za dashibodi;
- honi na mota ya waipa, kama ni ya umeme;
- kipunguza volti kwa geji ya mafuta.

Waya za zamani zinaweza kubaki kama mpira wake haujapasuka, maana ni nene kuliko inavyohitajika. Amita nayo hubaki. Stata pia inaweza kubaki, lakini itazunguka kwa nguvu nyingi na kugonga meno ya flaiwili. Dereva apige kwa muda mfupi, kisha aache ipoe.

Alternata nyingi zinataka hasi kwa athi. Lori likiwa lilikuwa chanya kwa athi, badilisheni kabla ya kuiunganisha. Ukigeuza waya hata mara moja, alternata imekufa.

Mambo ya hatari

Msiombe matatu ya volti 12 iwapige busta. Balbu zinaweza kuungua na betri inaweza kupasuka na kurusha asidi usoni. Msikaribie betri inayochajiwa na sigara wala kibiriti, kwa maana hutoa gesi inayowaka. Na kila mkifanya kazi, fungueni waya wa athi kwanza, urudisheni wa mwisho.

Uamuzi ni wa kikundi

Lori likifanya kazi mchana tu, na betri mnazipata, litunzeni lilivyo. Likisafiri usiku penye milima na ukungu, hesabuni gharama yote ya volti 12 mkutanoni, iandikwe kwenye daftari kabla ya fundi kugusa waya. Kubadilisha nusu nusu ndiko kunakokula pesa. Kumbukeni wale wanawali watano wenye busara: walichukua mafuta ya akiba pamoja na taa zao. Watu wanaopanda nyuma ya lori hilo ni mama zetu na watoto wetu, na usiku wanategemea taa mbili tu.