Ubadilishe namna unavyorusha mpira? Hesabu kwanza

WEWE mwanafunzi unayecheza mpira wa vikapu huko Meru au Embu, huenda umekwisha kuambiwa na mkufunzi, au na wenzako bwenini, kwamba unarusha vibaya. Kiwiko kimetoka nje kama bawa la kuku, ama mpira unautoa kiunoni badala ya juu ya paji la uso. Kosa hili lina asili yake. Mtoto wa shule ya msingi akipewa mpira wa watu wazima, na ringi iko mita 3.05 kutoka ardhini, hana nguvu za kuufikisha ila kwa kuusukuma toka chini kwa mwili mzima. Anakua, nguvu zinakuja, lakini mkono umeshika njia ile ile ya utotoni.

Je, ubadilishe? Usijibu kwa kujitazama kwenye kioo. Simama kwenye mstari wa mitupo huru, mita 4.6 kutoka kwenye ubao, urushe mara 20 kila jioni kwa siku tano. Andika ni mingapi iliyoingia, na iliyokosa ilikwenda wapi. Mpira ukifika mfupi au ukizidi, lakini umeelekea ringini, mkono hauna kosa kubwa. Aghalabu ni miguu isiyokunjwa, au uchovu. Ukikosa mara kushoto mara kulia, hapo chunguza kiwiko, au ule mkono wa pembeni unaosukuma ilhali kazi yake ni kushikilia tu. Kisha rudia hesabu hiyo rafiki mrefu akiwa mbele yako, mikono juu. Hapo ndipo mtupo wa kiunoni huumbuka. Uwanja ukiwa mtupu unaingia, lakini siku ya mashindano unapigwa kofi kabla haujapita kifua cha mlinzi.

Mtupo unaoingia na usiozuilika, hata ukiwa na sura mbaya, uache. Rick Barry wa Marekani alirusha mitupo huru kwa mikono miwili kutoka katikati ya miguu, kama mtu anayemwaga maji ya ndoo, na akafunga karibu 9 kati ya kila 10. Wilt Chamberlain, lile jitu la mita 2.16, pia aliwahi kurusha hivyo. Tarehe 2 Machi 1962 alipofunga pointi 100 katika mchezo mmoja, aliingiza mitupo huru 28 kati ya 32. Baadaye akauacha mtindo huo kwa kuwa alijionea aibu. Msimu wa 1967-68 aliingiza chini ya 4 kati ya kila 10! Ikiwa sababu yako ya kubadilisha ni vicheko vya bwenini, mkumbuke huyo.

Stephen Curry naye alikuwa na sababu nyingine. Akiwa na miaka 16 bado aliutoa mpira karibu na kiuno. Baba yake, Dell, mchezaji wa kulipwa aliyestaafu, aliona kwamba mtupo huo hautapita mikono ya warefu wa chuo kikuu. Wakaubadilisha likizoni. Kwa majuma kadhaa kijana hakuweza kufunga ila karibu na ringi, na amesimulia jinsi likizo ile ilivyomtesa. Desemba 2021 akawa ndiye aliyefunga mitupo ya pointi tatu mingi kuliko yeyote katika historia ya NBA.

Lakini angalia vizuri: likizoni. Mpira wa vikapu wa shule zetu huchezwa muhula wa kwanza, kuanzia kaunti ndogo hadi eneo la Mashariki, ambako Meru na Embu hukutana na Machakos, Kitui na Makueni. Anayebadilisha mwezi wa Februari atafika huko hana mtindo wa zamani wala mpya. Na kama ni mwaka wako wa mwisho shuleni, hakuna msimu mwingine. Wewe, kwa maoni yangu, rekebisha miguu tu, mkono uuache.

Aliye na mwaka mmoja au miwili mbele yake aanze Novemba. Wenyeji wa miteremko ya Mlima Kenya watacheka, maana huo ni mwezi wa mvua ya vuli. Uwanja unateleza, na penye kahawa mikono yote inatakiwa shambani. Basi usingoje uwanja. Lala chali kitandani, urushe mpira kuelekea darini kwa mkono mmoja, mpaka ushuke pale pale ulipotoka. Mzazi uliye Nairobi, mwanao akija likizo usimkemee kwa kelele hizo, na ukimnunulia mpira, msichana ni nambari 6, mvulana nambari 7.

Uwanja ukikauka, anza hatua mbili kutoka kwenye ringi. Usirudi nyuma hata hatua moja kabla hujafunga 8 kati ya 10. Huenda Krismasi ikakukuta hujaufikia mstari wa mitupo huru, na mdogo wako anakushinda uani.