Kijana Akitoka Makaoni, Atampigia Nani Simu?

Kijana anapokaribia kutoka makao ya watoto, jambo la kwanza ninalouliza ni kama ana cheti cha kuzaliwa. Wengi hushangaa nisianze na kodi ya nyumba au karo ya chuo. Lakini hapa Kenya, asiye na cheti hicho huhangaika sana kupata kitambulisho cha taifa, na bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, wala haandikwi kazi rasmi. Fomu humtaka ataje wazazi wake na kwao ni wapi. Aliyeokotwa angali mchanga ataandika nini? Katiba ya 2010, Kifungu cha 14, inamtetea: mtoto anayepatikana nchini akionekana hajafika miaka minane, na ambaye uraia wake na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Haki hiyo haijipeleki yenyewe. Lazima mtu mzima azunguke nayo, kutoka kwa afisa wa watoto hadi kwa chifu, hadi ofisi ya usajili. Kazi hii ikingoja mpaka kijana atimize miaka 18, huenda aliyempokea makaoni alihama zamani na faili halionekani.

Yapo makao yanayolea watoto kwa wema mkubwa, na bado wakatoka bila kujua maisha ya nje. Chakula hupikwa kwa sufuria moja kubwa, sabuni hutolewa stoo, taa huzimwa na mlezi. Kijana humaliza kidato cha nne hajawahi kupima kama unga utamfikisha mwisho wa wiki, hajui tokeni za stima huisha vipi, hajawahi kumwomba mwenye nyumba amvumilie hadi tarehe kumi. Mtoto wa nyumbani hujifunza mambo haya bila kufundishwa, kwa kutumwa dukani na kuulizwa chenji. Basi makaoni yafundishwe kwa makusudi, kuanzia miaka 14 au 15: wapike kwa zamu, wapewe pesa kidogo za matumizi, wapange bajeti, wakosee wakiwa bado wana mahali pa kula. Wasimamizi huniambia pesa zitaliwa. Baadhi zitaliwa kweli. Afadhali shilingi mia mbili zipotee akiwa na miaka 16 kuliko kodi ya mwezi mzima akiwa na 19.

Kupika na kupanga bajeti, hata hivyo, mtu hujifunza kwa miezi michache. Kinachonisumbua zaidi ni watu. Kijana mwenye familia akiugua usiku humpigia mama. Akiachishwa kazi huenda kwa shangazi mwezi mmoja, akalala sebuleni, akajipanga upya. Akitaka kuoa, baba zake wadogo hutangulia naye ukweni. Aliyelelewa makaoni hujikuta akiuliza nani atakaa upande wake siku ya kujadili mahari.

Watoto wengi walio makaoni wana mzazi au jamaa aliye hai. Umaskini, ugonjwa au ugomvi wa nyumbani ndio uliowatenganisha. Kwa hiyo ndugu watafutwe tangu siku mtoto anapopokelewa, watembeleane, likizo moja baada ya nyingine, pale ambapo kuna usalama. Kijana anayepelekwa ghafla akiwa na miaka 18 kwa mjomba asiyemjua hupokewa kama mzigo. Pale penye shamba, huonekana mdai wa urithi.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala unataka maandalizi yaanze mapema, na kila inapowezekana kijana awe na mtu maalumu wa kumsaidia baada ya kutoka. Afrika Kusini, kifungu cha 176 cha Sheria ya Watoto kinamruhusu kijana kuomba kubaki hadi miaka 21 ili amalize masomo. England ilipitisha sheria mwaka 2000 iliyompa kijana mshauri wake binafsi na mpango wa maandishi. Sheria ya 2017 ikamwongezea haki ya kupata mshauri huyo hadi miaka 25. Hatuna bajeti ya Uingereza, lakini mshauri huyo tunaweza kuwa naye: mtu mmoja mwenye jina, anayepokea simu, ambaye ni kazi yake kujua kijana amelala wapi.

Hapa kwetu, Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwatoa watoto makaoni na kuwarejesha katika familia. Nauunga mkono kwa moyo wote. Wasiwasi wangu ni kwa walio na miaka 16 na 17 leo, ambao watatimiza 18 kabla mkakati haujakamilika. Wakubwa wao waliopita njia hiyo wamekwisha kujipanga katika vyama, kama Kenya Society of Careleavers, na huwashika mkono wadogo kwa sababu wanajua baridi ya miezi ile ya mwanzo. Hawawezi kubeba peke yao kazi ya serikali. Kila makao yanapaswa kumkabidhi afisa wa watoto orodha ya wanaotimiza miaka 18 ndani ya miaka miwili ijayo, na mbele ya kila jina paandikwe hali ya vyeti vyake, ndugu waliopatikana, na mtu mzima aliyekubali kupigiwa simu.