MGONJWA ICU, MFUKO NAO MAHUTUTI!

Wabongo kwa kuchangishana hatujambo. Harusi ya mtoto wa jirani ina kamati, ina mwenyekiti, ina mweka hazina, na kadi ya mchango inakufuata mpaka kazini. Tarehe inajulikana, bajeti inajulikana, na ukumbi ukiwa ghali mnahamia mwingine. Sasa niambie, msomaji wangu, umewahi kukaa kwenye kamati ya ICU? Hiyo haina tarehe ya mwisho, haina bajeti, na mhusika mwenyewe kalala na bomba kooni, hajui hata nani kachanga na nani kaingia mitini.

Leo naomba tuzungumze habari ya bili hiyo, hasa ya magonjwa yaletwayo na vijidudu: malaria kali, kichomi, uti wa mgongo, pepopunda, na ile Korona iliyotupeleka puta. Magonjwa haya yana jambo lake moja. Mara nyingi humwangusha mtu mwenye nguvu zake, na akivushwa siku zile mbaya anaweza kurudi kuwa yule yule wa zamani. Kwa hiyo ndugu hawako tayari kukata tamaa. Wanauza.

HESABU ZA JIRANI

Tuanze na majirani zetu wa Kenya, maana wao walikaa chini wakapiga hesabu. Mwaka 2021 watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walitoa gharama za kumtibu mgonjwa wa Korona kwa siku moja. Aliyezidiwa lakini yuko wodi ya kawaida: shilingi za Kenya 13,137, kama dola 125 hivi. Aliyeko ICU: shilingi 63,243, yaani dola 600 kasoro kidogo. Kwa siku moja, bwana! Zidisha kwa kumi uone. Na hiyo ni gharama ya huduma yenyewe, bado hujaweka faida ya mwenye hospitali.

Vitanda vyenyewe navyo vya kutafuta kwa tochi. Mwaka 2020 ilihesabiwa kwamba Kenya nzima, nchi yenye watu zaidi ya milioni 47, ina vitanda vya ICU 537 na mashine za kupumulia 256.

Wengi hudhani kinachokula pesa ni mashine. Mashine ni sehemu tu. Kuna nesi ambaye hatakiwi kuondoka kitandani, usiku na mchana. Kuna oksijeni isiyokatika, dawa za usingizi, dawa za vijidudu sugu, vipimo vya damu asubuhi na jioni, na pengine mashine ya kusafisha figo. Kuna umeme, jenereta na fundi wa kuirekebisha mashine ikigoma. Kimoja kikikosekana, vilivyobaki vinakuwa mapambo.

MSUMARI MMOJA

Nimeyaona haya kwenye ukoo wetu. Baba yangu mdogo ni fundi ujenzi. Alikanyaga msumari saiti, akausafisha kwa maji ya bomba, akaendelea na kazi. Baada ya siku nane taya likagoma kufunguka. Tulidhani jino. Kufika jioni mgongo ukaanza kupinda kama upinde, na kila mlango ukibamizwa anakakamaa mwili mzima. Pepopunda!

Hospitali tuliyokimbilia, ambayo sitaitaja, ilitaka kianzio kabla ya kumpandisha ICU. Tukachanga usiku huo huo kwa simu. Kuanzia hapo kila asubuhi karatasi: hiki kanunueni nje, kile kimeisha.

Siku ya 11 baba mkubwa akaitisha kikao chini ya mwembe wa hospitali. Hoja ilikuwa kiwanja cha Chanika. Mama mdogo, ambaye tangu mwanzo hakuwa amesema neno, akamuuliza daktari, "Baba, tukiuza, atapona?"

Daktari hakumdanganya. Alisema sumu ya pepopunda ikishajibana kwenye mishipa ya fahamu hakuna dawa ya kuing'oa. Unampumulisha mgonjwa, unamlaza, unasubiri mwili ujirekebishe wenyewe, na hiyo huchukua wiki tatu, nne, pengine zaidi. "Tukimvusha, atarudi kwenye kazi zake. Mkiishia njiani, yote mliyotoa yamekwenda bure."

Hapo ndipo penye kizaazaa chenyewe, msomaji wangu. Nyumba ukiijenga nusu unabaki na msingi. ICU ukiilipia nusu hubaki na kitu. Kiwanja kikauzwa. Baba mdogo alipona, leo anapanda ngazi za jengo kama kawaida. Lakini binti yake mkubwa alikatisha chuo, na kiwanja kina ukuta wa mtu mwingine. Familia iliyokuwa kwenye benchi la pili, nayo ilikuwa na mgonjwa wake, iliishiwa siku ya tisa. Sisemi zaidi.

ICU YA MIKONO

Sasa nikupe mchapo utakaokushangaza. ICU haikuanza na mashine za mabilioni. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen kule Denmark ulivamiwa na polio. Wagonjwa walipooza mpaka misuli ya kupumua, na wengi wa waliofikia hatua hiyo walikufa. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akapendekeza watobolewe koo, waingizwe mpira, na hewa isukumwe kwa mfuko unaobanwa kwa mkono. Mashine hazikutosha, wakaitwa wanafunzi wa udaktari, kama 1,500, wakakaa kwa zamu vitandani wakibana mifuko usiku na mchana. Vifo vikashuka kutoka zaidi ya 8 katika kila 10 hadi kama robo. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua chumba maalumu cha wagonjwa wa namna hiyo.

Kwa hiyo chanzo cha ICU ni mtu kukaa kando ya mgonjwa asiondoke. Mashine zilifuata baadaye.

Na si kila kitu cha wakubwa kinatufaa. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na hapa Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,100 waliozidiwa na homa kali. Ulipima ule utaratibu wa hospitali za Ulaya wa kumwagia mtoto dripu nyingi kwa haraka. Waliopewa dripu hizo walikufa zaidi: kama 10.5 kwa mia ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa mia ya wasiopewa! Lakini mwaka 2010 utafiti mwingine, AQUAMAT, kwa watoto 5,425 wa Afrika wenye malaria kali, ulionyesha kwamba kuacha kwinini na kuchoma sindano ya artesuneti kunapunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano. Sindano tu, jamani. Haikuhitaji chumba chenye kiyoyozi.

WENGI HAWAFIKI HUKO

Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha hesabu ya wagonjwa karibu 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi. Unadhani walilazwa ICU? Thubutu! Karibu 7 katika kila 10 kati ya hao walikuwa wodi za kawaida, na mmoja kati ya watano alifariki ndani ya wiki moja. Zaidi ya nusu ya walioshindwa kupumua vizuri hawakuwa wakipewa oksijeni.

Oksijeni! Ndiyo maana baadhi ya wataalamu, wakiwamo Watanzania, wanasema tuanzie chini: kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni, mtungi uliojaa, mgonjwa aliyezimia alazwe ubavu, dripu na dawa kwa wakati, nesi apite na kuandika. Haya yawe kila wodi, kila wilaya. ICU ibaki kwa yule ambaye haya hayamtoshi.

Sisemi ICU zisijengwe. Mwaka 2021 Serikali yetu ilikopa Sh trilioni 1.3 kutoka IMF, na sehemu yake ikaenda kwenye majengo ya ICU na mitambo ya oksijeni. Vizuri sana. Lakini jengo halimtibu mtu kama ndugu zake wako chini ya mwembe wakiuza kiwanja. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wakenya nao mwaka 2024 walitangaza kwamba bima yao mpya italipa shilingi zao 28,000 kwa siku ya ICU, kutoka 4,480 za zamani. Linganisha na ile 63,243 ya watafiti, utaona bado pengo lipo, na pengo hilo anaziba mlalahoi.

Basi, wakati wakubwa wanapiga hesabu, wewe kabwela mwenzangu fanya lililo mkononi. Ukiwa na bima, uliza leo, ukiwa mzima, inalipa ICU siku ngapi. Usisubiri kuulizia getini. Mtoto apate chanjo zake zote, mama mjamzito asikose sindano ya pepopunda. Na nyie wanaume, mafundi, wakulima, bodaboda: ukichomwa na msumari au ukichanika, osha kwa maji na sabuni, nenda zahanati siku hiyo hiyo, waulize habari ya sindano ya pepopunda. Baba mdogo sasa ndiye anayewasindikiza vijana wake wa saiti. Anayebisha humwonyesha kovu la kooni, na ubishi unaishia hapo.